Hodi Chini ya Jukwaa

Mwaka niliomaliza chuo sikupata kazi, nikaanza kuandika riwaya ya enzi za mkoloni. Shujaa wangu alikuwa tarishi wa siri, na katika sura ya tano alijificha chini ya jukwaa la ukumbi wa zamani wa maigizo hapa Malindi, askari wakimsaka juu yake. Mhariri akanirudishia sura ile. Aliandika kwamba mwandishi anaonekana hajawahi kutia mguu humo, na nisipoirekebisha hataichukua riwaya. Alisema kweli. Nimekua nikiupita ukumbi ule bila kuingia.

Siku hizi ni stoo ya viti vya harusi. Mwenye viti, mama jirani yetu, alinifungulia asubuhi moja.

"Ingia mwenyewe, mwanangu. Mimi na panya hatuelewani."

Ubavuni mwa jukwaa palikuwa na kilango cha kuinamia. Nilisimama pale nikiwaza. Mbao zikikatika? Pakiwa na nyoka? Mama yangu ataambiwa nilikuwa natafuta nini humo? Mwishowe nikatambaa na taa ya simu mdomoni. Kulinuka mavi ya popo. Mbele mwanga haukufika kokote, na mwili ukakataa kusogea. Nikatoa simu mdomoni, nikafanya nilivyolelewa kufanya kabla ya kuingia kwa watu. Nikasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Hodi."

"Karibu!"

Sauti nzito ya kiume, karibu na sikio langu.

Nilitaka kukimbia. Lakini nimeshakaribishwa. Kama ni mtu, kugeuka ni kumtusi. Kama si mtu, ndiyo vibaya zaidi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mbona waingia kwa mashimo kama komba, na mlango upo?"

Nyuma yangu, mlangoni, yule mama aliangua kicheko. "Huyo fundi wangu! Kaingia kwa mlango wa nyuma, yuko kule mwisho wa ukumbi apaka viti rangi. Wee fundi, mtoto wa watu ataka kuzimia!"

"Basi mwambie atoke, asinifie hapa. Rangi haijakauka!"

Nilitoka kinyumenyume, nimefumba macho. Sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kwamba neno la chini kabisa husikika hadi upande wa pili wa ukumbi, na shujaa wangu alikuwa akinong'ona dua kurasa nzima.

Mchana huo nilizifuta kurasa zile. Sasa gizani anaponyokwa na hodi, kwa mazoea tu, na askari aliye juu anamjibu karibu. Sura ikapata uhai. Ila tarishi wangu amesikika, na mimi sijui kama kule chini kuna njia nyingine ya kutokea, kwa sababu sikuangalia.

Nikarudi kwa yule mama kuomba anifungulie tena.

"Njoo kesho," akasema. "Lakini fundi hatakuwapo, aenda harusini Mambrui. Humo hamtakuwa na mtu wa kukuitikia."