Msahihishaji Asiyeacha Alama

Nikisikia vijana wanasema kufanya kazi nyumbani ni raha, nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitaitwa mzee. Lakini mimi ofisi yetu naikumbuka. Ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu, dirisha moja halifungi na jingine halifunguki, na humo ndani tulijazana watu kumi na wawili tukitengeneza vitabu vya shule. Mimi nilikuwa mpanga kurasa. Meza iliyonitazama ilikuwa ya msahihishaji, mama mmoja mwembamba tuliyempa jina la Dada Wino, kwa sababu kidole chake hakikuwahi kukosa wino mwekundu, hata siku ya harusi ya mwanawe.

Tulitazamana hivyo miaka kumi na mmoja. Siku moja nilimtania mke wangu kwamba uso wa Dada Wino nimeuona kuliko wake. Akanijibu, "Basi mwambie akufulie."

Kila saa tisa alasiri Dada Wino aliinuka na kurasa zake, akaanza mzunguko wa meza hadi meza. "Jamani, leo tumeambiwa buibui ana miguu sita. Nani hapa amekutana na huyo aliyekatwa miwili?" Chumba kizima kinaangua kicheko. Mkurugenzi wetu wa wakati ule alikuwa akiacha simu zake na kuja mlangoni, asikie leo tumeokolewa na aibu gani. Jambo moja tu Dada Wino hakulisema kamwe: jina la mwandishi aliyekosea. Makosa ya wazi kama yale hata mwandishi mwenyewe hakuambiwa. Alirekebisha, akanyamaza. Ukimbana anakwambia, "Aliyeteleza si mjinga. Njia ndiyo ina utelezi."

Kisha mwenye jengo akataka ghorofa yake. Tukaambiwa twende nyumbani na kompyuta zetu kwa miezi michache, na hiyo miezi michache ikawa miaka.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo hadithi hii isingekuwepo. Wiki ya kwanza nyumbani, programu yangu ya kupanga kurasa ilinitoa jasho. Kila ikikutana na alama za masahihisho inakorogeka. Mistari myekundu inahamia kwenye picha, na maneno yaliyofutwa yanafufuka. Nikampigia Dada Wino.

"Dada, nisaidie ndugu yako. Ukimaliza kusahihisha, futa alama zote, unitumie faili safi."

"Hilo tu, kaka? Usijali."

Sikumwambia abaki na nakala yenye alama. Haikunijia akilini. Naye kwa usafi wake akafanya hivyo kuanzia siku ile. Kitabu kikaingia kwake na makosa mia, kikatoka cheupe, na duniani hapakubaki ushahidi kwamba kuna mtu alikigusa.

Kila Jumatatu tulikuwa na kikao cha mtandaoni. Visanduku kumi na viwili kwenye skrini, na chake cheusi, kamera imezimwa. Akiitwa anasema, "Nipo." Akiulizwa kama ana la kusema, "Sina." Basi, mpaka Jumatatu nyingine. Iliniuma. Mwanamke aliyekuwa anachekesha ghorofa nzima!

Nikamwambia, "Dada, taja hata makosa mawili uliyoyakamata wiki hii. Wakubwa wa siku hizi hawapiti mezani kukuchungulia."

"Kule ofisini kosa halikuwa na mwenyewe," akasema. "Kikaoni kila kitabu kina jina la mwandishi juu yake. Nitamwaibisha mtu. Na kizuri chajiuza, kaka, kibaya chajitembeza."

"Kinajiuza kikiwa sokoni, dada. Wewe umekifungia kabatini."

Alicheka, akakata simu.

Mkurugenzi wetu alistaafu, akaja meneja mpya. Sitaki kumsema vibaya. Yeye alitukuta tukiwa visanduku, hajawahi kumpa yeyote kati yetu mkono. Akafungua faili zote za Dada Wino za miezi minane, akatafuta masahihisho, akakuta sifuri. Akamwandikia kwamba nafasi ya msahihishaji haionekani kuchangia chochote na inapendekezwa iondolewe, ila Ijumaa atapewa nafasi ya kujieleza mbele ya wote.

Dada Wino alinipigia asubuhi hiyo hiyo. "Kaka, wanasema sijasahihisha kitu. Miaka ishirini na mitatu."

Nilijua ni nani aliyesababisha alama zile zifutwe. Nikamwambia asiogope. Faili za waandishi hupitia kwangu kwanza nitoe picha zilizomo, kwa hiyo zote ninazo kama zilivyoandikwa. Tukiziweka kando ya zake, kila mtu ataona.

"Usithubutu," akasema. "Zile ni aibu za watu. Niahidi."

Nikamwahidi. Nilikuwa namdanganya, na nadhani hata yeye alijua.

Ijumaa saa nne meneja akaanza kwa upole. "Dada, tueleze unafanya nini."

"Nasoma," kikajibu kisanduku cheusi.

"Halafu?"

"Narekebisha panapohitaji."

"Mbona sisi hatuoni?"

Nilisubiri mchoraji aseme neno, au mhariri, watu waliocheka naye miaka yote ile. Kila mtu alikuwa amezima maikrofoni yake. Hasira zikanipanda, nikawasha kamera. Nilisahau kwamba nimevaa fulana ya ndani, yenye tundu begani. Liwalo na liwe. Nikawawekea kurasa mbili kwenye skrini. Zilitoka kwenye kitabu cha sayansi, sehemu ya huduma ya kwanza. Ya mwandishi ilisema mtoto akiungua amwagiwe maji ya moto. Ya Dada Wino ilisema maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini.

"Hiki kitabu kimeshachapishwa," nikasema. "Kiko mikononi mwa watoto. Na alama hamzioni kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba azifute, zisinivurugie kazi."

Meneja alivua miwani. Kabla ya saa sita nafasi ya msahihishaji ilikuwa imebaki palepale, na mtu yeyote angesema nimeshinda. Lakini juu ya ule ukurasa palikuwa na jina la mwandishi, mwalimu mstaafu aliyetuandikia vitabu sita, na meneja kwa joto lake alimwandikia barua kali alasiri ile ile.

Dada Wino hakupokea simu yangu siku tisa. Siku ya kumi nikaenda kwake. Miaka yote ile sikuwahi kufika. Alinifungulia kwa ile karibu inayokuambia usikae sana. Ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula. Kompyuta imekaa kati ya kamusi tatu na beseni la viazi, na kiti kina mto uliobonyea kwa kukaliwa. Aliketi, akaendelea kumenya viazi bila kunitazama. Niligundua jinsi nilivyoukosa uso ule, hata ukiwa umenuna.

"Umemvua nguo mzee wa watu," akasema.

"Nimekosa, dada. Lakini ingekuwa leo ningefanya tena."

Alikuwa anafungua mdomo kunipa nilichostahili, simu yake ikaita mezani. Mikono yake ilikuwa imelowa, nikambonyezea kipaza sauti. Sauti ilikuwa ya mzee, inatoka polepole.

"Ni wewe unayesahihisha vitabu vyangu? Nimeomba namba yako kwa meneja."

Kisu kikasimama. Hawakuwahi kuzungumza hata mara moja. "Ni mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Vyote sita?"

"Vyote."

"Miaka yote hii," mzee akasema, "nilidhani naandika vile. Nikipata nakala nawaita wanangu, nawaambia someni, mtafute kosa la baba yenu. Hawakulipata."

Dada Wino alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha. "Unaandika vizuri, mwalimu. Mimi nilikuwa napangusa vumbi tu."

"Maji ya moto si vumbi, mwanangu." Akakohoa. "Ninacho cha saba. Juzi nilitaka kukichoma. Nitakutumia, lakini nina ombi. Usinifutie. Niachie masahihisho yako yote niyaone, hata ukurasa ukiwa mwekundu wote. Nataka nijue naandika na nani."

Dada Wino alijipangusa macho kwa mkono uliolowa, akanitazama nimjibie. Nikainama juu ya simu.

"Atakuachia zote, mwalimu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemwambia azifute."