Kanda ya Ukumbi wa Mlowo

Enzi zetu, muziki ulikuwa na watu ndani yake. Baba yangu alikuwa mtunzi na kiongozi wa bendi ya dansi pale Mlowo. Bendi kubwa kweli, tarumbeta mstari mzima, saksafoni, hata trombone iliyopigwa na mkulima wa kahawa. Kahawa ikishauzwa, ukumbi ulifurika. Sisi watoto tulibaki madirishani, tukinusa vumbi, jasho na mishikaki.

Studio ilikuwa mbali, kwa hiyo albamu ya Baba ilirekodiwa palepale dansi likiendelea, kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kreti la bia. Mama alisimama kando yake kuilinda, walevi wasije wakaipiga teke. Ndiyo maana kwenye kanda ile alisikika kuliko wapiga tarumbeta. Wimbo ukiisha Baba anauliza kwenye kipaza sauti, "Jamani, mmechoka?" Kabla ukumbi haujajibu, Mama keshadakia, "Bado! Rudia!" na kigelegele juu.

Nyumbani tuliipiga kila Jumapili tukitoka kanisani, ugali na maharage mezani. Ikifika pale, Mama anajijibu mwenyewe kutoka jikoni, mwiko mkononi, "Bado! Rudia!" Nasi tunapayuka naye mpaka mbwa anabweka. Utepe ukilegea tunaukaza kwa kalamu. Waulizeni vijana wa leo kalamu na kaseti vinahusiana vipi, watawakodolea macho tu.

Mama alifariki mwaka juzi. Simu zetu zimejaa picha zake, lakini hakuna aliyekumbuka kumrekodi akiongea. Sauti yake ilibaki kwenye kanda ile tu. Mwezi uliopita nikaipeleka Tunduma, kwa kijana anayehamishia nyimbo kwenye flashi.

"Mzee wangu, hii ilikuwa na makelele kinoma," akaniambia nilipoifuata. "Kila wimbo ukiisha watu wanapiga kelele. Nimeyatoa yote kwa kompyuta, sasa iko safi kama ya studio."

Nikamwuliza kanda yenyewe iko wapi.

"Ilikatika, nikaitupa. Si yote iko kwenye flashi?"

Nikamwomba basi ile ya mwanzo, kabla hajaisafisha. Alikwisha kuifuta. Nikakaa kwenye benchi lake. Hata kumgombeza nilishindwa, maana alijua amenitendea wema.

Jumapili nikamwekea Baba, ambaye sasa haoni vizuri. Tarumbeta zililia vizuri kuliko zamani, kila moja unaisikia peke yake. Wimbo ukaisha, na Baba wa ujana wake akauliza, "Jamani, mmechoka?"

Kimya. Mzee akageuza shingo upande wa jikoni, akasubiri. Wimbo wa pili ukaanza.

"Nizimie," akasema.

Enzi zetu, swali lile liliitikiwa na nyumba nzima. Jumapili hiyo nilikuwa nimekaa palepale mezani, jibu nalijua tangu utotoni, na sauti haikutoka.