Mume Wangu na Askari Aliyenyamaza

Mume wangu ni sajini wa polisi, na kwa miaka kumi na sita sasa kazi yake ni kuwalea askari wapya. Wakitoka chuoni wanajua kupiga saluti na kukimbia na bunduki, lakini raia akiwaambia "Nimeibiwa" wanababaika kama nilivyobabaika mimi siku ya kwanza mbele ya cherehani. Hapo ndipo wanapokabidhiwa kwake. Anatembea nao doria wiki kumi, bega kwa bega, na kila jioni anawaandikia alama kwenye daftari lenye jalada la bluu.

Wamempa jina la Afande Kalamu. Hawamwiti hivyo mbele yake, ila analijua, na linampendeza hata akijifanya kununa. Siku ya kwanza humwambia kila mmoja: "Ukisahau kirungu nitakusamehe. Ukisahau kalamu, rudi ukalale."

Ni mtu mwenye maneno. Alipokuja kuniposa aliongea mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Alipoondoka marehemu baba aliniuliza, "Mwanangu, huyu ukiishi naye utapata nafasi ya kupumua?" Nikamjibu kwamba nitapumua akilala. Tumeishi miaka thelathini na moja, na namshukuru Mungu kwa kila neno lake, maana nyumba yetu haijawahi kuwa na upweke. Anaamka anaongea na kuku, anapiga pasi shati lake mwenyewe huku akilisimulia shati mambo ya jana.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu ni chumba kimoja kwenye mtaa wa mafundi. Kulia kwangu kuna kinyozi, na barazani kwa kinyozi anakaa fundi viatu na sanduku lake la misumari na gundi. Mtaa huo umo kwenye doria ya mume wangu, kwa hiyo kila askari mpya hupita kwangu. Wengi huishia kwenye cherehani yangu, kwa sababu magwanda ya serikali yanashonwa kana kwamba binadamu wote wana kiuno kimoja.

Ndivyo nilivyomfahamu binti aliyeitwa Sindano. Wenzake walimpa jina hilo chuoni kwa wembamba wake. Suruali yake niliipunguza vidole vitatu kila upande. Siku nzima ile alisema maneno machache tu: shikamoo mama, na asante mama, na nilipomuuliza habari za kwao, akasema ana wadogo zake wawili, wazazi walishatangulia, na wote watatu wanaitegemea kazi hii. Halafu akanyamaza, akawa anaokota pini zangu zilizoanguka sakafuni, moja moja.

Sasa niwaeleze daftari lile, maana ndilo lililoleta yote. Lina vipengele kumi, na kila kipengele kina alama kuanzia moja hadi tano. Tatu maana yake anafaa. Mwishoni askari akibaki chini ya tatu kwenye kipengele hata kimoja, hapati kazi. Anarudisha gwanda, anakwenda zake. Sindano alikuwa na tano za kuwahi kazini, nne za sheria, nne za mwandiko. Kwenye kipengele cha kuongea na raia alikuwa na mbili. Wiki ya kwanza mbili, ya tano mbili, ya nane mbili.

Mkuu wa kituo ni mama mmoja mnyoofu, hana makuu wala hana mzaha. Jumatatu ya wiki ya tisa alimwita mume wangu, akamwambia: "Sajini, sisubiri wiki ya kumi. Ijumaa niletee daftari. Ikiwa bado ni mbili, binti wa watu aende akatafute riziki mahali pengine mapema."

Jioni hiyo mume wangu alirudi nyumbani hana maneno. Hata kuku walimshangaa. Na juu ya hayo alikuwa amekalia miwani yake kwenye gari la kituo, vioo vyote viwili kwisha. Akaweka daftari mezani, akanisogezea.

"Fundi," ndivyo anavyoniita, "nisomee kurasa za nyuma nipate kuandika muhtasari. Lakini haya ni mambo ya ofisi. Yasitoke humu ndani."

"Baba, nimeshona suruali za kituo kizima," nikamwambia. "Najua kiuno cha kila afande, na sijamwambia mtu."

Akacheka kidogo. Nikaanza kusoma. Mimi niliishia darasa la saba, ila mwandiko wa mume wangu nausoma kuliko yeye mwenyewe.

"Mama amepotelewa na mtoto sokoni. Askari alinyamaza. Niliingilia kati." Nikafungua ukurasa. "Madereva wawili wamegongana. Askari alisita. Niliingilia kati." Nikafungua mwingine. "Mwenye nyumba na mpangaji. Askari alinyamaza. Niliingilia kati."

Nilisoma hivyo mpaka nikahisi nasoma ukurasa mmoja mara nyingi. Nikarudi nyuma nikahesabu kwa kidole. Mara kumi na tisa.

"Baba," nikamwambia, "yule mama wa sokoni. Kabla hujaingilia, ulimsubiri huyu binti kwa muda gani?"

"Muda wa kutosha."

"Hebu nihesabie."

"Nihesabu nini sasa?"

"Hesabu kwa sauti, kama ulivyosubiri."

Akanitazama kama aliyeombwa acheze ngoma. "Moja," akasema. "Mbili." Akaishia hapo, mdomo wazi.

"Na mimi hunisubiri mbili hizo hizo," nikamwambia taratibu. "Ukiniuliza nataka nini sokoni, unajibu mwenyewe kabla sijameza mate. Mimi nimekuzoea. Huyu mtoto ana wiki nane tu na wewe, na wewe ni afande wake. Atakukatiza vipi?"

Aliegemeza kichwa kwenye viganja vyake viwili. Nikaona nimemchoma, nikaenda kumpashia chakula. Nilipokuwa jikoni nikamsikia anasema peke yake, "Kumbe alama hizi zote ni za mdomo wangu."

Tulisali pamoja kabla ya kula. Yeye alimwombea binti. Mimi nilimwombea yeye.

Jumanne alijaribu kunyamaza. Alirudi akaniambia, "Nimeshindwa, Fundi. Nilifika nne, ulimi ukatoka wenyewe." Jumatano mtaa mzima ulikuwa na amani, hakuna aliyegombana na mtu. Amani nayo ilimkera. Ikabaki Alhamisi.

Alhamisi saa nne asubuhi nilisikia kishindo cha kioo upande wa kinyozi, kisha kelele. Fundi viatu alikuwa anahamisha benchi lake kukimbia jua, mguu wa benchi ukaingia kwenye kioo kikubwa cha kinyozi, kikamwagika chote. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, akauona wembe, akaurudisha ndani, akatoka tena mikono mitupu. Akaanza kukusanya viatu vya wateja wa fundi viatu, akavifungia kwenye shuka lake la kunyolea.

"Hivi havitoki mpaka kioo changu kirudi!"

"Viatu vya watu hivyo! Utavaa wewe viatu vya mama mkwe wa watu?"

"Nitavaa!"

Wazee wawili hawa wamekaa ubavu kwa ubavu miaka ishirini, wanakula sahani moja. Watu wakajaa. Katikati yao akasimama mteja wa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, anauliza kila mtu, "Na mimi je? Mimi nakwenda harusini hivi?"

Hapo wakatokea mume wangu na Sindano. Nilimwona mume wangu anavyovuta pumzi. Naijua pumzi hiyo. Nikamshika mkono nikamvuta mlangoni kwangu. Nilikuwa na pini nne mdomoni, kama mafundi tunavyozibeba. Nikazitoa, nikazifuta kwenye kanga yangu, nikamwambia, "Nishikie hizi. Kwa midomo."

Akanielewa. Sajini wa serikali, mwenye mvi kichwani, akasimama mlangoni kwangu na pini nne kati ya midomo, hawezi kusema hata "haya."

Sindano akageuka kumtafuta. Akamwona. Akaziona pini. Mume wangu akamwonyesha kwa kidevu: nenda.

Akasimama mbele ya watu wale, akanyamaza. Nilihesabu moyoni. Nilifika kumi na moja. Mtu mmoja nyuma akasema, "Askari gani huyu, kameza ulimi?" Watu wakacheka. Mkono wa mume wangu ulinibana kiwiko mpaka kikauma.

Ndipo binti akatoa kalamu. Akachuchumaa mpaka akawa kimo kimoja na fundi viatu aliyekaa chini kwa kihoro, akamwambia kwa sauti ndogo sana, "Shikamoo mzee. Niambie wewe kwanza. Naandika."

Sauti ilikuwa ndogo mno hata walio nyuma wakaanza kunyamazishana. "Kimya bwana! Anasema nini?" Mtaa ukatulia. Fundi viatu akaeleza. Kinyozi akataka kumkatiza, binti akainua kalamu tu, bila kumtazama. "Zamu yako inakuja, mzee. Nitaandika kila neno."

Akaandika ya huyu, akaandika ya yule. Kisha akasimama, akawasomea wote wawili walichosema, polepole, jinsi kilivyo. "Kinyozi anasema: 'Huyu ni adui yangu tangu zamani.' Ni sahihi, mzee? Niliache hivyo uweke sahihi?"

Kinyozi akajikuna shingo. "Aa, hapo... hapo futa. Hilo la adui lifute."

"Na fundi viatu anasema: 'Kioo chenyewe kilikuwa kinadanganya watu sura.'"

Watu wakaangua kicheko, na fundi viatu mwenyewe akacheka, machozi bado yako shavuni. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Viatu vikatoka kwenye shuka. Fundi viatu akakubali atatafuta kioo kingine, na kinyozi akakubali kumpa muda. Sindano akaongeza: "Sasa mzee, mmalizie huyu kichwa. Ana harusi." Fundi viatu ndiye aliyemshikia mteja kioo kidogo cha mkononi mpaka kinyozi akamaliza.

Mume wangu akatema pini kiganjani. Alama za pini zilibaki kwenye mdomo wake wa chini.

Mchana wakaja wote wawili dukani kwangu, kwa sababu miwani haijawa tayari, na sheria ya daftari ni kwamba mwanafunzi asomewe alama zake na aweke sahihi. Mume wangu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kubwa kama mtoto. Nikasoma: "Kuongea na raia: tatu. Aliwatuliza wazee wawili bila kupandisha sauti. Hakuandika saa ya tukio." Chini, mahali pa maoni ya mkufunzi, palikuwa na maneno haya: "Wiki nane mkufunzi alizungumza badala ya mwanafunzi. Alama za mbili zilizopita ni kosa la mkufunzi, si la mwanafunzi."

Nilikwama hapo kidogo. Miezi saba imebaki astaafu, na hajawahi kuandikwa kosa hata moja kituoni. Hili alikuwa amejiandikia mwenyewe.

Sindano alishika kalamu, lakini hakuweka sahihi. Akawa anazungusha kalamu.

"Weka sahihi, binti," mume wangu akasema. Kisha akajishika. Akanyamaza, akasubiri. Nami nikasubiri.

"Afande," akasema Sindano, "hapa umekosea."

"Wapi?"

"Saa niliandika. Saa nne na dakika kumi. Iko nyuma ya karatasi." Akatoa daftari lake la mfukoni, akaligeuza, akalileta mbele ya macho ya mume wangu, karibu kabisa, mpaka aone.

Mume wangu alilitazama muda mrefu. Akakata ile tatu kwa mstari mmoja, akaandika nne pembeni, akaweka sahihi yake kwenye marekebisho. Akasema, "Umenirudi, mwanangu. Umenirudi sawasawa." Uso wake ulikuwa kama siku tuliyopata mjukuu wa kwanza.

Ijumaa mkuu wa kituo alisoma daftari mbele yake. Alipofika kwenye maoni ya mkufunzi akainua macho. "Sajini, unajua hii inaingia kwenye faili lako?"

"Najua, mama."

"Na ungeweza kuandika tatu tu, ukaishia hapo."

"Ningeweza, mama."

Akaweka muhuri. Sindano akabaki kazini.

Nilidhani atarudi nyumbani anaimba. Alirudi, akavua viatu, akakaa. Alikula vizuri, Mungu ni mwema, akamaliza, akanawa. Halafu akasema, "Fundi, unamkumbuka yule kijana wa miaka sita iliyopita? Yule mrefu. Nilimpa mbili mpaka mwisho."

Nilimkumbuka. Nilimrefushia suruali.

"Naye nilimwandikia hivyo hivyo. Alinyamaza, niliingilia kati." Akajifuta mikono. "Nasikia analinda geti la kiwanda cha mabati."

Nikamshika mkono, tukakaa.

Jumamosi alinyoosha shati la kiraia, shati lenyewe hakulisemesha. Nikamfungia kifungo cha shingoni. Nikamuuliza atamwambia nini huyo kijana.

"Nitamsalimia," akasema. "Kisha nitamsikiliza yeye."

Akatoka kuelekea upande wa kiwanda.