Mbegu ya Chumvi

Mwaka ule chumvi yangu ilitoka chungu. Sisemi kali, nasema chungu, ya kubaki nyuma ya ulimi kama umelamba kidonge cha malaria. Tena ukiijaza gunia jioni, asubuhi gunia limelowa. Jirani yangu, anayekausha samaki wa papa kwa chumvi hapa Msimbati, alikuja akaisugua viganjani.

"Shoga, chumvi yako inatoka jasho kuliko wewe unayeivuna."

"Basi iache."

"Leo siiachi. Lakini ikiwa hivi tena, nafuata ya mjini. Papa wangu wanaharibika."

Nilicheka, ila nilipokaa chini sikuinuka upesi. Yeye ndiye mnunuzi wangu wa kweli, wengine ni wa kibakuli. Akiondoka, majaruba yangu ya chumvi ni tope tu. Nirudi Mpapura nilikozaliwa, nikapalilie mikorosho kwa magoti haya?

Sasa, mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nasema nilivyoelewa. Binti wa marehemu dada yangu yuko chuo, anasomea namna vitu vinavyoyeyuka na kuganda. Alipokuja likizo nikamlilia. Akaketi juu ya tuta la jaruba na laptopu yake, kanga kichwani kuzuia jua, akaniambia maji ya bahari hayana chumvi moja. Ziko nyingi, zinakaa pamoja kama wake wenza, na kila moja ina zamu yake ya kuganda. Hutangulia ya chokaa, ikafuata hii ya jikoni, ya uchungu inakuja mwisho. Kompyuta inapiga hesabu: ukizidisha hii, ukipunguza ile, jua likipanda, kipi kitaganda na kipi kitabaki maji. Halafu inachora ramani.

"Hata wanaochanganya shaba na bati wanachora hivi hivi, mama mdogo."

"Shaba mimi sina, mwanangu. Nionyeshe chumvi."

Akanionyesha. Huku rangi ya chumvi yangu, kule rangi ya uchungu, katikati uwanja mpana. Nikivuna kabla ya kufika kule, nimepona.

Tukangoja. Chumvi ikashuka mapema kuliko ramani ilivyosema, tukavuna upesi, nikalamba. Chungu vilevile. Mtoto akakunja uso, akarudia hesabu mpaka laptopu ikazima. Umeme nao ulikuwa umekatika, na sisi ndio tunaokaa jirani na visima vya gesi. Haya, tuyaache hayo.

Mimi nilishachoka. Nikachukua ndoo, nikayachota maji yaliyobaki kwenye jaruba nililovuna, nikayamimina kwenye jaruba jipya.

"Mama mdogo, unafanya nini?"

"Natia mbegu."

"Mbegu gani?"

Nikamweleza. Maji yanayobaki baada ya kuvuna sisi hatumwagi. Unayachanganya na mapya, chumvi inashuka haraka, kama unavyobakiza unga wa jana uliochacha ili vitumbua vya leo viumuke. Mama mkwe wangu alinikabidhi maji hayo nilipoolewa, naye alikabidhiwa.

Akashika kiuno. "Si nilikuuliza, ukasema ni maji ya bahari?"

"Kwani yametoka wapi, Ruvuma?"

Umeme uliporudi akaitia mbegu kwenye hesabu. Ule uwanja mpana ukasinyaa ukawa kama mwiba wa samaki. Kila mavuno, akasema, tunaondoa chumvi njema na kubakiza ya uchungu, kisha tunaiongezea nyingine juu yake. "Mama mkwe hakukosea, kweli inaharakisha. Ila imejaa uchungu mno sasa. Mwaga yote, uanze na bahari tupu."

Kumwaga ni rahisi. Kuanza na bahari tupu ni kukaa juani muda mrefu zaidi, kwenda na kurudi, na yeye chuo kinamwita. Mwishowe nikatoboa tuta la jaruba kwa jembe. Maji yalitoka polepole, mazito kama mafuta ya nazi yaliyolala.

Jirani akapita. "Leo unamwaga mali?"

"Namwaga mama mkwe."

"Astaghafiru! Hata kaburini humwachi?"

Chumvi mpya ilichelewa mpaka nikakata tamaa. Ilipotoka, jirani aliilamba, akaisugua, viganja vikabaki vikavu. Hakunisifu, alinyoosha gunia tu nimjazie.

Tangu hapo kila nikivuna namwaga maji yanayobaki, na kila nikimwaga naanza na bahari tupu, nachoka upya.