Jasusi Ndani ya Kava ya Kitabu cha Nyimbo

Mimi nimeshaanguka kwenye ngazi za treni mbele ya watu, nimeshamwita bosi wangu "mpenzi" kwenye simu nikidhani ni mtu mwingine, na yote hayo nimeyasahau, lakini aibu niliyoipata kwenye ukumbusho wa kakangu hapa Riverdale Park, Marekani, naona tutazikwa nayo. Na nyinyi mliokuwepo mnajua, maana ndio mnaonikumbusha kila tukikutana.

Kwa wale ambao hamkuwepo, ngoja niwaeleze vizuri. Kakangu Mutua alifariki mwaka jana nyumbani Machakos, na mimi sikwenda kumzika, kwa sababu karatasi zangu za kuishi huku hazijatoka na ukiondoka bila karatasi umeondoka moja kwa moja. Hapa kila mtu analielewa hilo. Mama halielewi, ama analielewa lakini halimsaidii chochote, kwa sababu tangu siku ile nikimpigia simu alikuwa ananijibu kama anayezungumza na mtu wa bima: ndiyo, hapana, tumeshukuru, kwaheri. Afadhali angenitukana. Iliniuma sana, na sikujua pa kuanzia. Sasa mwaka ulipokaribia kutimia akasema mwenyewe, "Kama hukuweza kuja kumzika, angalau siku yake utuimbishe." Nikajua hapo nimefunguliwa mlango, na sitafunguliwa mwingine.

Kuimbisha kwetu sisi huku ni kazi, si mchezo. Chumbani mnakuwa Wakenya, Watanzania, Wakongomani, na kila mtu ametoka kwao na maneno yake ya wimbo uleule, kwa hiyo tumezoea kwamba mwimbishaji anashika kitabu, anasoma mstari mmoja, watu wote wanauimba, anasoma mwingine, wanauimba, mpaka mwisho. Hakuna anayebisha. Mwimbishaji akisema kitu, kinaimbwa. (Hili mlishike, litatusumbua mbele.)

Wiki hiyohiyo nikaenda Columbia Heights kutafuta shati jeusi, nikaingia duka la vitu vya zamani la Bwana Otis, Mwamerika mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na anakiongea kwa usafi mpaka sisi wenyewe tunaona haya. Na pale, katikati ya sahani za muziki na taa mbovu, nikaliona jarida la katuni ambalo sikuwa nimelitia machoni tangu utotoni: jasusi wa karate, suti nyeupe, mguu hewani, juu ya paa la ghorofa. Nikalinunua palepale bila kuuliza bei, siwafichi. Mjomba alituletea jarida hilohilo kutoka Nairobi likiwa halina ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo kwetu hadithi iliishia pale jasusi amezingirwa, nyuma maadui, mbele hewa tupu. Mutua alisema aliruka akavuka. Mimi nilisema aliruka akaanguka. Tulibishana hivyo miaka, kitanda kikiwa ndilo paa, mpaka Mama akaapa kulitia jikoni liwe kuni.

Nikamweleza Bwana Otis yote hayo, na yeye akaniambia kwa heshima zake, "Ndugu Kioko, nitakuja kwenye ukumbusho wa kaka yako," na mimi nikamkaribisha, kwa sababu sikujua ninajikaribishia nini.

Nililisoma kazini Landover, mzee ninayemtunza akiwa amelala baada ya chakula cha mchana. Ni ajabu jinsi kitu kinavyopungua ukikirudia ukubwani. Rangi zinatoka nje ya mistari, maadui wote wamechorwa uso mmoja, na yule mwanamke tuliyemwona hatari sana kumbe kazi yake ni kushtuka tu. Jasusi mwenyewe ni kijana mdogo, mdogo kuliko mimi sasa, na amechoka machoni, jambo ambalo zamani hatukuliona. Nilisikia sauti ya Mutua kwenye kila ukurasa. Ule wa mwisho sikuufungua, nikaubana na kibanio, nikasema nitaufungua siku yake, mbele ya picha yake.

Siku ikafika, mvua inanyesha, na mimi nikafanya uamuzi mdogo kabisa. Kitu pekee nilichokuwa nacho kisichoingiza maji ni ile kava ya zipu ya kitabu changu cha nyimbo. Jarida na kitabu havikuenea pamoja. Nikatoa kitabu dakika moja tu, nikakiweka juu ya friji, nikaingiza jarida, nikafunga zipu, nikatafuta funguo za gari. Kitabu kikabaki kulekule juu ya friji kinanisubiri.

Tulikuwa kwa Mama Faraja, Mkongomani, sebule imejaa mpaka jikoni. Picha ya Mutua mezani, simu imesimamishwa karibu yake, na ndani ya simu Mama amekaa katikati ya majirani wa Machakos na kitambaa chake cheupe, ananiangalia. Mama Faraja akasema, "Bon, Papa Kioko, sasa utuimbishe." Nikavuta zipu.

Ukatoka mguu wa jasusi.

Mtu mwenye akili angesema, jamani, nimesahau kitabu. Lakini Mama alikuwa ananiangalia, na mimi nikaona nikisema nimesahau, atasikia kwamba nimemsahau Mutua. Basi nikalishika lile jarida kifuani, kava imefunika mbele, na nikaanza ubeti wa kwanza, ambao ninaujua. Ukaenda vizuri. Ubeti wa pili ukakataa kuja kabisa. Watu wananitazama, midomo iko tayari, na kichwani mwangu hakuna kitu isipokuwa kile kilichokuwa mbele ya macho yangu.

"Amezingirwa pande zote," nikasoma. Wakaimba.

"Na maadui wako nyuma." Wakaimba, tena kwa nguvu.

Nikajiambia si mbaya, si mbaya. "Amesimama juu ya paa." Hapo wakasita kidogo, lakini wakaimba, na Mama Faraja akaongeza sauti ya pili. "Suti yake imechanika." Jamani, waliiimba hiyo suti kwa uchungu, mama mmoja wa Arusha alikuwa amefumba macho anatikisa kichwa. Kwenye simu, wale wa Machakos, ambao wimbo wanaujua kama jina lao, walikuwa wamenyamaza wote.

Ndipo Bwana Otis, suti nyeusi, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Samahani, ndugu Kioko. Wimbo huu ninaufahamu. Mimi ndiye niliyekuuzia."

Nikageuka kumwangalia, jarida likateleza kutoka kwenye kava, likaanguka chini wazi, mateke juu, mbele ya picha ya marehemu. Hakuna aliyecheka. Nilitamani sakafu ya Mama Faraja ifunguke.

"Geuza simu nione," Mama akasema.

Mama Faraja akaigeuza. Mama akasogeza uso mpaka tukaona paji tu.

"Ni lile la paa?"

"Ndilo, Mama."

"Mlilonisumbua nalo. Aliruka?"

"Sijui, Mama. Ukurasa wa mwisho sijaufungua."

"Sasa unangoja nini?"

Nikapiga magoti pale chini na suti yangu, nikatoa kibanio, nikaufungua. Hakuruka. Kumbe ghorofa ya chini alikuwa amemwacha mwenzake amefungwa kamba (mimi na Mutua tulimsahau kabisa huyo, hakuna aliyetaka kuigiza kuwa yeye), na jasusi anageuka, anapita katikati ya maadui wote, anashuka ngazi.

"Amerudi," nikasema. "Hakuruka, Mama. Amerudi kumchukua mwenzake." Na hapohapo, mbele ya watu wote, nikalia kama mtoto. "Mimi sikurudi."

Mama akarudisha uso nyuma mpaka tukamwona mzima.

"Siku uliyopanda ndege," Mama akasema, "Mutua alirudi kutoka kukusindikiza, akakaa pale mlangoni, akaniambia, Mama, Kioko ameruka, na amevuka. Alifurahi huyo, ungemwona." Akajifuta macho na ncha ya kitambaa, kisha akacheka, kicheko chake kile cha puani ambacho sikuwa nimekisikia mwaka mzima. "Suti imechanika. Kweli, Kioko? Haya, simameni wote. Mimi nitawaimbisha."

Na akatuimbisha kutoka Machakos, mstari mmoja mmoja, sauti inachelewa kwenye mtandao, na sisi tukamfuata mpaka mwisho.

Nimenunua kava kubwa zaidi. Kitabu cha nyimbo hakitoki humo tena, hata nyumba ikiungua, na jarida liko nyuma yake. Mama naye akinipigia siku hizi, hasemi tumeshukuru. Anauliza kama nimekula.