Santuri, Kaseti na Sikio la Fundi Saa

Fundi saa huyu alilitegemea sikio lake kuliko miwani yake. Mteja akimletea saa, hakuifungua kwanza. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama daktari aliyekwisha kusikia mengi, kisha akatoa hukumu: "Inachechemea." Kibanda chake kilibanwa kati ya karakana ya seremala na saluni, mahali ambapo msumeno na mashine ya kukaushia nywele vilipokezana kelele kutwa nzima, na bado alidai kuwa anaisikia saa ikichechemea. Mara nyingi alipoifungua alikuta betri imekwisha tu. Hilo hakumwambia mtu.

Nyumbani, sikio hilo lilikuwa na ufalme wake: chumba kidogo cha pembeni, chenye santuri zilizosimama wima rafuni, kila moja ndani ya jalada lake, na mashine ya kuzipigia iliyofunikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyeruhusiwa kufuta vumbi humo ila yeye mwenyewe. Haki ya Mungu, hakuna aliyewahi kuomba.

Mambo yaliharibika mama mkwe alipoanza kuumwa magoti. Alikuwa amepanga ghorofani, ngazi zikamshinda, ikaamuliwa ahamie kwa bintiye. Na chumba kilichokuwapo ni kile kimoja.

"Mama alale humo, tena kwa heshima zote," fundi alimwambia mkewe. "Santuri nitazihamishia stoo." Kisha akajipinga mwenyewe: "Hapana, stoo ina unyevu. Labda barazani. Lakini barazani jua litazipinda, ziwe kama mabakuli."

"Usijisumbue," mkewe akasema. "Nimeshampata mtu. Yule muuza mapambo anazichukua zote. Tundu la katikati tayari lipo, yeye anatia mishale na tarakimu tu, zinakuwa saa za ukutani. Nzuri hizo, we acha!"

Fundi akakaa kitako. "Saa za betri?"

"Ulitaka zitiwe petroli?"

"Mke wangu, hiyo ni dharau. Tena dharau mara mbili."

"Dharau iko wapi? Nyimbo zote hizo zimo kwenye simu ya binti yako, na simu hailali kitandani kwa mama yangu."

"Kwenye simu mna kivuli cha wimbo. Santuri ina joto, ina pumzi. Nifungeni macho mnipigie chochote mtakacho, nitawaambia kipi ni kipi!"

Alipolisema neno hilo alitamani kulimeza, lakini mkewe alikwisha kulidaka. "Umesema mwenyewe, Baba. Jumamosi. Ukipatia vyote, nitatoa kochi moja sebuleni, santuri zikae. Ukikosea hata kimoja, muuza mapambo anakuja na mkokoteni wake."

Fundi hakulala njaa kwa hofu, maana alikuwa na siri. Wimbo uliochaguliwa, ambao ungepigwa kwa santuri, kaseti, CD na simu, ulikuwa ule ambao mama mkwe aliwapa santuri yake walipooana, na santuri hiyo ilikuwa na mkwaruzo. Kila ikifika beti ya pili, sindano iliruka, mstari mmoja ukamezwa, wimbo ukaendelea. Mkewe alimlaumu kwa mkwaruzo huo tangu ndoa ikiwa changa, na yeye, ingawa hakukumbuka kosa lolote, alikuwa amekwisha kuomba radhi. Sasa mkwaruzo ungemlipa fadhila: wimbo utakaoruka ndio santuri. Nusu ya moyo wake ilimwambia kuwa mwenye sikio la kweli hahitaji msaada huo. Nusu ya pili ikamwambia anyamaze. Kwa heshima ya siku yenyewe akaiosha santuri kwa maji na sabuni laini, akaikausha kwa kitambaa cha kufutia vioo vya saa.

Jumamosi mama mkwe alifika na mabegi yake, akasalimia, akaenda moja kwa moja jikoni kupika, maana hakupenda kuketi kama mgeni. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuja na kaseti yake mfukoni, pamoja na kalamu ya kuzungushia utepe ukilegea.

"Shemeji," alisema, "kaseti ukiidondosha unaiokota. Santuri ukiidondosha unaizika."

"Na utepe ukiliwa na redio?"

"Ndiyo maana nina kalamu!"

Wakamfunga fundi taulo usoni, wakamgeuza ukutani. Vyombo vyote viliunganishwa na spika zile zile.

"Sharti moja nililosahau," mkewe akasema kwa sauti tamu. "Tunasikiliza beti ya kwanza tu."

Chini ya taulo, fundi alianza kutokwa na jasho.

Wa kwanza ulitanguliwa na mvumo, kama mtu anayepuliza chai ya moto. "Kaseti!" Shemeji akapiga makofi kwa fahari, kana kwamba ameshinda yeye. Wa pili ulitoka msafi kupita kiasi. "CD hiyo. Imenawishwa mpaka imepauka." Akapatia tena, kifua kikaanza kumjaa.

Wa tatu ulianza, na nyuma ya sauti ya mwimbaji kukawa na mtatariko mwororo, tatata, tatata, kama moto wa kuni uliokolea vizuri. Fundi akainua mikono.

"Hiyo hapo! Mnasikia? Hilo ndilo joto nililowaambia! Hiyo ni sindano inayozungumza na santuri. Simu itatoa wapi pumzi kama hii? Nasikia mpaka harufu ya zamani!"

Wa nne ukapigwa, mtulivu na laini. "Huo wa simu," akasema kwa huruma. "Mnaona? Hauna roho."

Taulo likatolewa. Shemeji alikuwa ameuma kalamu yake, machozi yakimtoka. Mbele ya fundi, santuri iliyooshwa iling'aa, ikiwa bado inazunguka.

"Baba," binti akasema polepole, "wa tatu ndio uliokuwa wa simu."

"Haiwezekani! Na ule mtatariko?"

Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Samahani jamani, vitunguu vyangu vimewapigia kelele?"

Kicheko kilichofuata kiliwaleta majirani dirishani. Fundi alicheka pia, kwa kuwa hakujua la kufanya na uso wake. Kisha akaitazama santuri ikizunguka, akaiona tayari imetiwa mishale, na kicheko kikamkauka.

"Na kwa nini mnaukatakata wimbo wangu?" mama mkwe akauliza. "Uacheni uimbe mpaka mwisho."

Binti akauweka kwenye simu. Bibi akaimba nao, akipiga mdundo kwa mwiko. Beti ya pili ilipofika, yeye akaruka kwenda mbele, simu ikabaki nyuma ikiimba mstari mwingine. Akanyamaza kwa ghadhabu.

"Huyu nani? Ameongeza maneno!"

"Bibi, ndivyo wimbo wenyewe ulivyo."

"Unanifundisha? Wimbo huu niliununua kabla mama yako hajaota meno. Niwekeeni wangu."

Fundi akaishusha sindano. Beti ya pili ikafika, tak, sindano ikaruka, na mama mkwe akaruka nayo bila kupoteza mdundo.

"Enhe! Huo ndio," akasema, kisha akamgeukia bintiye. "Hapo ndipo ulipopigapiga kwa kijiko ukiwa unatambaa. Nilikuchapa, nikalia mimi."

Mkewe aliikodolea macho santuri, kisha mumewe, kisha sakafu.

"Basi Mama," akasema hatimaye, "kuna mtu anataka kuzifanya—"

"Hazitoki. Nalala nazo."

Na ndivyo ilivyo hadi leo. Santuri zimebaki chumbani mwao, pamoja na mwenye chumba, ambaye hufunga mlango anapozipiga. Fundi akirudi kutoka kazini hubisha hodi kwa adabu, na mara nyingi huambiwa, "Subiri mwanangu, nasikiliza." Mkewe hamlaumu tena kwa mkwaruzo, ingawa radhi alizoombwa hajazirudisha.

Siku mlango unapokawia kufunguliwa, fundi huenda jikoni, akaegemeza simu ya binti yake ukutani, akautafuta wimbo ule. Halafu huchukua kisu, akamenya vitunguu, akabandika kikaango na kumimina mafuta.