Nilijaribu kamera mbili za mirrorless uwanja wa fahali, na fahali ndio walionichagulia

Wakuu, salamu kutoka Shieywe, Kakamega. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Kama kuna chumvi, imetiwa na Mjomba.

Mimi si mpiga picha. Nilitaka tu kamera ya kupigia watoto picha, na ndugu wakioana. Simu ilikuwa imenichosha.

Jirani yangu Ambani, fundi wa picha za harusi, alikuwa anauza moja kati ya mirrorless zake mbili. Ni zile kamera ndogo ambazo lenzi inatoka unaweka nyingine. Akaniambia nikae nazo wikendi, nijaribu, nichague.

Ya kwanza ni ndogo, na lenzi yake fupi inaingia mfuko wa koti. Ya pili imenenepa kidogo na ina lenzi mbili, moja ya kawaida na moja zoom, ya kuvuta vitu vya mbali, ndefu kama chupa ya chai.

Sasa Mjomba Shivachi akasikia nina kamera.

Mjomba ana fahali wa kupiganishwa na fahali wenzake, anaitwa Chairman. Amezeeka, na Jumamosi ile ilikuwa anapigana mara ya mwisho. Mjomba alitaka picha moja tu ya ushindi, ya kuweka sebuleni. Msumari alishaugonga ukutani. Mgeni akiuliza msumari wa nini, anaambiwa, "Hapo ni pa Chairman."

Hebu fikirieni presha niliyokuwa nayo.

Asubuhi uwanjani ngoma za isukuti zinalia, watu wameshika matawi wanacheza. Nikatoa ile ndogo. Mjomba akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Chairman hapigwangi picha na kitu kama sabuni ya kuogea! Unataka Radi atucheke?"

Radi ndiye fahali mpinzani, wa Mzee Mukabwa wa ng'ambo ya mto.

Nikairudisha mfukoni, nikatoa ya pili. Bado. Ndipo akaona zoom kwenye begi.

"Hiyo! Weka hiyo!"

Wakuu, lenzi haibadilishwi ukiwa umeangalia vumbi. Nikageuka, nikainama, nikachomoa ile ya kawaida kwa adabu zote.

Nyuma yangu zikapigwa kelele. Pembe zilikuwa zimegusana, Radi akakumbuka kwao, akakata kona na kuingia kwenye mahindi ya watu. Mchezo umeisha, na mimi nimeshika kamera mkono huu na lenzi mkono ule.

Nilipomaliza kuifunga zoom, nilichoambulia ni picha safi sana ya kofia ya mzee aliyeruka mbele yangu.

Mjomba hakunigombeza. Alikaa chini kwenye nyasi. Hapo roho iliniuma kweli.

Jioni tukafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia popote. Tulienda kwa Mzee Mukabwa kumwomba amlete Radi ashindwe tena, kwa ajili ya picha.

Mzee aliwaza mpaka chai ikapoa.

"Radi hakushindwa. Alikuwa na haraka tu. Lakini nitamleta, bora na yeye apigwe picha, uso wote uonekane."

Kesho yake baada ya kanisa fahali wakaletwa. Isukuti ikapigwa hadi wapigaji wakaomba maji. Chairman akamnusa Radi. Radi akamnusa Chairman. Kisha wote wawili wakaanza kula nyasi, bega kwa bega, kama mashemeji.

Nikajaribu zoom. Kwa vile nilikuwa karibu, ilinipa tundu moja la pua. Nikatoa ile sabuni mfukoni, nikapiga.

Picha ilitoka tamu, ila haikuwa ya ushindi, nikaogopa kumwonyesha Mjomba. Aliitazama weee, halafu akasema, "Itengeneze kubwa."

Sasa iko kwenye msumari wake. Wageni huambiwa, "Hapa ndio Radi alikuja kuomba msamaha."

Mzee Mukabwa nilimpelekea nakala. Juzi nikapita kwake, nikamkuta anamwonyesha mkwe wake: "Huyu ndiye Chairman, siku alikuja kuomba msamaha."

Nilichojifunza: kama huishi kwa kupiga picha, chukua ndogo yenye lenzi fupi, uwe nayo mfukoni ikiwa tayari. Zoom ni ya mtu ambaye fahali wanaweza kumsubiri. Ndogo nimebaki nayo, Ambani nimemrudishia chupa yake ya chai.

Mwenye swali la lenzi, au aliyewahi kuumbuliwa na kamera yake, atiririke hapa chini. Mwenye swali la nani alishinda aende kwa Mjomba, na abebe kamera kubwa.